Sifuri ya Kijani

Nchi yenyewe msiitafute. Haiko mbali, ila anayeitafuta huwa anapatikana yeye kwanza. Inatosha kujua kwamba ina bendera, ina wimbo, ina mto mmoja na daraja moja ambalo limeshazinduliwa mara tatu na bado halijajengwa, na inaongozwa na Mtukufu Mlezi, ambaye wananchi wanampenda kwa mujibu wa sheria.

Ikulu ya nchi hiyo, katika ukumbi anaonywea chai Mtukufu, kuna Kioo cha Taifa. Ni skrini kubwa kama ukuta wa nyumba, na ndani yake inafanya kazi programu ya kuchambua takwimu iliyoletwa kutoka ng'ambo na watu waliovaa soksi ndefu. Kazi yake si ngumu. Inaiuliza kanzidata, yaani lile ghala la taarifa zote za nchi: wangapi? Kanzidata inajibu, Kioo kinaonyesha. Wenye njaa wangapi. Wagonjwa wangapi. Wafungwa wangapi, gereza kwa gereza. Mambo mazuri hayakuwekwa kwenye kompyuta. Idadi ya shule, urefu wa barabara na kiwango cha upendo wa wananchi vilipakwa kwa rangi ya mafuta kwenye fremu, kwa kuwa havibadiliki.

Baadaye ikapitishwa Sheria ya Kinachoonekana, tena kwa siku moja, wabunge wakiwa wamesimama. Kinachoonekana kwenye Kioo kipo. Kisichoonekana hakipo, na anayedai kipo ni mchochezi. Kwa sheria hiyohiyo ndivyo chakula cha magereza kilivyokuwa kinapimwa. Asubuhi Kioo kikisema gereza la Mabanzi lina watu elfu moja na mia mbili, lori la Mabanzi linapakiwa unga na maharage ya vinywa elfu moja na mia mbili. Wageni walikuja kutoka nchi kubwa kutazama jambo hilo, wakapiga picha na lori.

Msimamizi wa Kioo alikuwa mwanamke aitwaye Sikudhani Mbelwa, msomi wa chuo, mwenye miwani ya bei na heshima zake. Cheo chenyewe alikirithi kwa Bwana Tengule, mtu mpole ambaye siku moja umeme ulipocheza, Kioo chake kiliandika kwa herufi nyekundu mbele ya mabalozi: IMESHINDIKANA KUUNGANISHA.

Mtukufu aliweka kikombe chini.

"Nani kashindwa?"

Mabalozi wakatazama vikombe vyao.

"Nimeandikiwa ukutani kwangu kwamba kuna jambo limeshindikana. Nauliza kwa upole tu, ni nani huyo aliyeshindwa?"

Bwana Tengule akajitokeza kueleza habari za waya. Mpaka leo yuko kwenye kisiwa cha chumvi, anahesabu ndege, na kila jioni anatakiwa kuripoti kwamba wote wapo.

Sikudhani, kabla hajakikalia kiti cha yule bwana, alifungua mipangilio ya programu, akashuka mpaka mahali palipoandikwa "Jibu lisipopatikana", akafuta maneno mekundu na kuandika: onyesha 0. Rangi akachagua kijani.

"Hapo sasa," akasema waziri wa wakati ule, "umeitia mashine adabu."

* * *

Katika nchi hiyo waziri mpya huingia ofisini kama mtu aliyeambiwa alale kwenye kitanda alichofia mwingine. Mheshimiwa Dokta Lukumbuja, alipoteuliwa kuwa Waziri wa Takwimu na Furaha ya Umma, alifika na mshauri mwelekezi, bwana mmoja mwenye mkoba wa ngozi ya kenge ambaye kwenye mikataba aliandikwa mtaalamu wa mabadiliko ya taasisi. Hakuna aliyekunja uso. Kila waziri ana wake.

Kiti cha waziri aliyeondoka kilichomwa moto nyuma ya maegesho. Mapazia, zulia na birika la chai vilifuata. Vitasa viling'olewa. Mti wa nje ya dirisha ulikatwa, kwa sababu ulikuwa umemzoea mtu yule. Ndipo mtaalamu akafika chumba cha mashine, akasimama mbele ya seva, lile kabati jeusi linalonguruma ambamo kanzidata yote imelala, akaweka sikio.

"Hili linamjua," akasema.

"Linamjua nani?" Mheshimiwa akarudi nyuma hatua moja.

"Aliyekutangulia. Linamtaja. Lihamishwe chumba, lipewe anwani mpya, mlango mpya wa kuingilia na neno jipya la siri, ili akituma vitu vyake visijue pa kugonga."

Mtunza seva, Mwinjuma, mtu wa kitambi na usingizi, akafanya kama alivyoagizwa. Seva ikahama. Anwani yake ya zamani ikafutwa, mlango wa zamani ukazibwa. Vituo vya kuingiza taarifa vikaelekezwa upya, ila hakuna aliyekumbuka kukiarifu Kioo. Ama tuseme Mwinjuma alikumbuka, lakini hakuulizwa, na katika utumishi wa nchi ile anayesema kabla hajaulizwa huulizwa amejuaje.

Kesho yake asubuhi Kioo kikagonga pale kilipozoea kugonga. Kikasubiri. Hakuna aliyeitika. Basi kwa ile adabu kiliyotiwa, kikaonyesha sifuri. Sifuri za kijani, moja kwa kila kitu, zikameta ukutani kama mashuka yaliyoanikwa.

Mtukufu alikuwa na andazi mdomoni. Akaacha kutafuna.

"Lukumbuja, mbona hakuna wenye njaa?"

Waziri alitazama Kioo, akamtazama Mtukufu, na katika nafasi ile fupi kati ya shingo kugeuka na mdomo kufunguka, akawa mtu mkubwa.

"Nilitaka iwe zawadi, Mtukufu. Nilijua utaiona mwenyewe."

"Na wagonjwa?"

"Wamepona."

"Wote?"

"Mtukufu, ulisema kwenye hotuba yako ya mwaka jana wapone."

"Nilisema," Mtukufu akakubali. "Na magereza?"

"Kama unavyoona, matupu. Watu wameacha uhalifu. Wanasema wanaona haya."

Sikudhani alikuwa amesimama pembeni na rimoti mkononi. Alijua. Alijua kabla chai haijapoa kwamba ule ni muunganisho uliokatika, kwamba Kioo kilikuwa kinaongea na chumba kitupu. Tena katika zile sifuri kulikuwa na moja inayomhusu. Mabanzi alikuwa amefungwa kaka yake, Kondo Mbelwa, aliyesimama kwenye mkutano wa hadhara akaomba aonyeshwe lile daraja ili apite. Alihukumiwa kwa kosa la kulibomoa kwa maneno.

Nitarekebisha jioni wakishatoka, Sikudhani akajisemea. Ni mstari mmoja tu.

Watu wakapiga makofi. Naye akapiga.

* * *

Jioni hiyo haikufika ikiwa tupu. Ilifika na amri ya Sikukuu ya Sifuri. Shule zilifungwa, watoto wakapangwa uwanjani wakiwa duara kubwa lenye uwazi katikati, na waliozimia kwa jua waliachwa palepale walipoanguka ili umbo lisiharibike. Kiwanda kikachapa kitenge chenye mayai ya kijani ambayo ukiambiwa ni sifuri unaona ni sifuri. Sikudhani akakishona gauni la mikono mifupi. Lilimkaa vizuri.

"Ndugu wananchi," Mtukufu alihutubia, "mataifa makubwa yana wagonjwa. Mataifa makubwa yana wafungwa, mengine mamilioni! Wana kila kitu wenzetu. Sisi tumefika mahali ambapo hatuna hata cha kuanzia!"

Uwanja ukalipuka kwa vifijo. Dokta Lukumbuja akavalishwa nishani ya dhahabu, ya mviringo, yenye tundu.

Sheria nayo haikulala. Hospitali ziliamriwa kukunja vitanda, na waliokuwa juu yake wakaitwa waigizaji. Mzee mmoja alitoka akitembea na dripu yake mkononi, akakamatwa getini kwa kuiba dripu. Hakimu alikuwa mtu wa sheria, akasema hawezi kumfunga kwa kuwa nchi haina mfungwa. Mzee akafia kwenye ngazi za mahakama akiwa huru, na gazeti la serikali likaandika habari ya uhuru wake ukurasa wa kwanza.

Na lori la Mabanzi? Dereva alifika ghalani kama kawaida. Akaonyeshwa Kioo kidogo cha ukutani, kinachorudia cha Ikulu: Mabanzi, 0. Akapakiwa sifuri, akatia saini, akaenda, akashusha, akarudi. Kesho yake hivyohivyo. Walimsifu kwa kuokoa mafuta, maana gari lilikuwa jepesi.

Sikudhani aliposikia habari za lori alijiambia kwamba gerezani lazima kuna akiba. Jela yote haiwezi kukosa hata gunia la unga stoo. Akajiambia hivyo mara nyingi, kila mara kwa sauti ndogo zaidi.

* * *

Mama yao, Bi. Mwantumu, hakuwa na Kioo nyumbani. Alikuwa na kikapu. Akatia viazi vya kuchemsha, samaki wa kukaanga na chupa ya uji, akaenda Mabanzi kumwona mwanawe. Alirudi nacho kikiwa kimejaa, akakibwaga mezani mbele ya bintiye.

"Nimeambiwa hayupo."

"Nani kakwambia, mama?"

"Askari wa getini. Mtoto wa watu, ndevu bado. Ananiambia, 'Mama, hapa hakuna mfungwa, nchi haina mfungwa, wewe umekuja kumtembelea nani?' Nikamwambia mwanangu Kondo. Akasema, 'Mama, usinitie matatani, Kondo hayupo.' Nikamwuliza, na hao wanaogonga mabati huko ndani ni nani? Unajua kanijibu nini?"

Sikudhani akasogeza kikapu, samaki wasidondoke.

"'Upepo, mama.' Anasema upepo! Upepo unaita maji? Nimesikia mimi kwa masikio yangu, Sikudhani, upepo unalia mama nakufa." Bi. Mwantumu akavuta kiti lakini hakukaa. "Nikamwambia haya, basi chukua hivi viazi uwape huo upepo. Akakataa. Kumbe kuwapelekea chakula watu wasiokuwepo ni kumtukana Mtukufu. Akanisukuma na kitako cha bunduki, taratibu, kama unavyomsukuma mbuzi wa jirani."

"Mama, lile ni tatizo la mitambo tu. Litarekebishwa."

"Wewe si ndiye mwenye hiyo mitambo?"

"Si rahisi hivyo. Kuna ngazi, kuna taratibu..."

Bi. Mwantumu akaliangalia lile gauni la kijani, kuanzia shingoni mpaka kwenye pindo.

"Nguo nzuri," akasema. "Ukienda kumzika mwenzio, ivae."

* * *

Sikudhani akaandika taarifa kwa maneno ya kuzunguka kiasi kwamba mwenyewe alipoisoma alihisi kizunguzungu. Alisema kwamba bila kupunguza hata chembe ya mafanikio yaliyopatikana, ingefaa kutazamwa kama mipangilio ya muunganisho kati ya Kioo na kanzidata bado inaendana na mabadiliko yenye tija yaliyofanywa na Mheshimiwa. Ikaundwa Kamati ya Kuchunguza Kama Kuna la Kuchunguza.

Kamati ilikaa hotelini, kwenye ukumbi wenye baridi kama mochwari. Mwenyekiti aliomba aonyeshwe tatizo. Sikudhani akafungua nakala ya mipangilio, akaielekeza kwenye ukuta.

"Hapa ndipo Kioo kinapoambiwa kanzidata ilipo. Kuna anwani ya seva, namba ya mlango, jina la mtumiaji, neno la siri. Anwani iliyoandikwa hapa ni ya kule seva ilikotoka. Seva imehama, Kioo hakijui, kinagonga nyumba isiyo na mtu."

"Kinagonga bila kualikwa?" akauliza mjumbe kutoka Usalama.

"Ndivyo programu zinavyofanya kazi, mheshimiwa."

"Mitaani kwetu anayegonga mlango kila dakika na hajulikani shida yake, tunamwitia sungusungu." Akaandika kitu. "Mlango gani huo mwingine, huo mpya? Nani kautoboa? Mnatoboa milango kwenye serikali na Usalama hatujui?"

Mjumbe mwingine, mwanasheria, alikuwa na hoja ya kiutaratibu. Kama seva imehama kituo cha kazi bila kuripoti, hilo ni utoro. Wakaiandikia seva barua ya kuitaka ijieleze, ikaelekezwa ipitie kwa mkuu wake wa idara. Barua ikabandikwa kwenye kabati kwa gundi, juu ya matundu ya kupitishia hewa. Muda wa kujibu ukapita. Seva haikujibu, ikazidi kunguruma tu, jambo ambalo mwanasheria alilitafsiri kuwa ni dharau, na ikapewa onyo kali la maandishi. Onyo nalo likabandikwa juu ya barua.

"Sasa Kioo chenyewe," akasema mwenyekiti. "Kina tatizo gani? Kinachelewa?"

"Hapana, mheshimiwa. Kinaonyesha sifuri papo hapo."

"Zamani kilichukua muda gani?"

"Kilikuwa kinasubiri kidogo. Lazima kanzidata ihesabu."

"Kwa hiyo zamani kilijikongoja, sasa kinajibu papo hapo, halafu wewe unatuita hapa?" Akavua miwani. "Bi. Mbelwa, nikuulize kama mzazi. Wewe una mtu gerezani?"

Ukumbi wote ukamgeukia. Mjumbe wa Usalama akaweka kalamu tayari.

Na Sikudhani, msomi, mwenye miwani ya bei, ambaye mama yake alikuwa anakaanga samaki kila asubuhi na kuwarudisha kila jioni mpaka wanavunda, akasema:

"Hapana. Gerezani hakuna mtu."

"Basi vizuri," akasema mwenyekiti. "Leteni supu."

* * *

Alimkuta Mwinjuma chumba cha mashine, amelaza kiti chali, anakula karanga mbele ya seva iliyobandikwa makaratasi kama ukuta wa matangazo.

"Mwinjuma, nipe anwani mpya."

"Chukua." Akamtajia. Akamtajia na namba ya mlango, jina la mtumiaji na neno la siri, huku akitema maganda.

Sikudhani akaandika kiganjani. "Wewe! Siku zote hizi ulikuwa nayo?"

"Si ndiyo kazi yangu?"

"Kwa nini hukusema?"

"Dada, nani kaniuliza?" Mwinjuma akacheka mpaka kitambi kikatingishika. "Mmekaa hotelini, mmeliandikia barua hili kabati la bati, hakuna hata mmoja aliyesema hebu tukamwulize yule mnene. Na mimi nimepewa friji siku ya Sikukuu. Friji, dada! Nimwage barafu yangu kwa ajili ya nani?"

"Kaka yangu yuko Mabanzi."

Mwinjuma akaacha kutafuna, kisha akaendelea, taratibu kidogo.

"Pole. Kuna karani kule, sijui katokea wapi mtu yule. Magereza mengine yote wameacha kuingiza taarifa, maana watasema wana nani? Yeye anaingiza tu. Mchana kutwa taa ya Mabanzi inawakawaka hapa." Akaonyesha kitaa kidogo kwenye kabati. Kiliwaka, kikazima, kikawaka. "Mtu mwaminifu sana."

"Anaingiza nini?"

"Mimi natunza kabati, dada. Sifungui."

* * *

Mipangilio ya Kioo ilibadilika palepale kwenye Kioo, ukumbini, na tangu Sikukuu ya Sifuri ukumbini hakuna aliyeruhusiwa kugusa kitu Mtukufu akiwa hayupo, wala akiwepo bila idhini ya Waziri. Sikudhani alijua kuomba kwa ajili ya wafungwa ni kujipeleka. Basi akamwendea Dokta Lukumbuja kwa njia ambayo mawaziri huendewa.

"Mheshimiwa, wageni wanakuja kuona Sifuri."

"Waje, waje. Wataona wivu."

"Wataona haisogei. Wenzetu huko nje, namba zao zinahemahema, zinapanda zinashuka. Hii yetu imetulia mno. Mtu mwenye nia mbaya anaweza kusema Kioo kimekufa."

Waziri akaishika nishani yake kifuani, akaingiza kidole kwenye tundu.

"Kimekufa? Unataka kusema nini wewe?"

"Nataka kukitia uhai tu, Mheshimiwa. Mguso mdogo. Na Mtukufu atajua ni wewe."

Hakuuliza zaidi. Aliposikia hilo la mwisho alikuwa ameshakubali.

Asubuhi yake Mtukufu alikaa kwenye kiti chake kirefu, chai mbele, mawaziri wamepanga mstari. Sikudhani akasogea na kibodi. Vidole vilijua njia. Akafungua mipangilio. Akafuta anwani ya zamani, akaandika mpya. Mlango. Mtumiaji. Neno la siri. Akabofya Jaribu Muunganisho.

Sifuri ya kijani.

Akarudi kwenye mipangilio. Kisha akaona: Kioo kilikuwa kimeagizwa kisisubiri jibu zaidi ya kufumba na kufumbua, kwa sababu Mtukufu huwa hasubiri. Kanzidata ilikuwa bado inahesabu, Kioo kikakata tamaa.

"Mbona hakuna kipya?" Mtukufu akauliza.

"Kinajiandaa, Mtukufu," akajibu Waziri huku jasho likimtambaa. "Wimbo! Tuimbe Wimbo wa Mlezi kwanza!"

Mawaziri wakaimba. Sikudhani akaurefusha muda wa kusubiri, akabofya tena. Waliimba beti mbili zilizojulikana na mmoja ambao haukujulikana, Waziri wa Kilimo akabuni wa nne. Kijiduara kikazunguka, kikazunguka. Halafu Kioo kikaandika, kwa herufi ndogo: Umeunganishwa.

Zikashuka namba. Wenye njaa: tarakimu zilijaza mstari, zikavuka fremu, zikaishia kwenye ile rangi ya upendo wa wananchi. Wagonjwa: zaidi ya hapo. Wimbo ukafa mdomo kwa mdomo. Dokta Lukumbuja akafungua pini ya nishani yake kwa mkono mmoja, polepole, kama mtu anayetegua bomu.

"Mtukufu, huyu mwanamke..."

"Nyamaza." Mtukufu alikuwa amekodolea kona ya chini, upande wa magereza. "Ile pale ni nini?"

Sikudhani alikuwa ameshaiona. Mabanzi: 614. Nusu haikuwepo. Akashika ukingo wa meza, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe akasema bila kuulizwa.

"Mtukufu, hao ni watu. Walikuwa elfu moja na mia mbili. Lori halipeleki chakula kwa sababu Kioo kilikosea. Nakuomba, Mtukufu, lori liende leo. Sasa hivi. Kaka yangu yumo."

Kioo, kilichowekwa kuuliza upya kila dakika, kikauliza. Karani mwaminifu wa Mabanzi akajibu. 611.

Mtukufu akasogeza kiti mbele.

"Imeshuka."

"Imeshuka, Mtukufu," akasema Waziri, mkono umesimama kwenye pini.

"Hakuna aliyeigusa?"

"Hakuna."

Wakangoja. Kioo kikauliza. 608. Uso wa Mtukufu ukafunguka kama wa mtoto aliyeona maji yakichemka kwa mara ya kwanza.

"Inashuka yenyewe! Lukumbuja, ile ya kwanza ilinisumbua, nakwambia kweli. Ilikuja ghafla mno, mtu unajiuliza imetoka wapi. Lakini hii unaiona inavyokuja. Hii ndiyo sifuri ya kufanyiwa kazi!"

Nishani ikarudi kifuani. Makofi yakaanza upande wa Kilimo, yakazunguka. Viti vikaletwa, na sharubati, na sambusa, na wake za mawaziri wakapigiwa simu waje kuona.

"Chakula, Mtukufu," Sikudhani akasema. "Wapelekewe hata uji."

Mtukufu akamgeukia bila hasira. Wote waliokuwepo wanasimulia kwamba alimtazama kwa huruma, kama baba.

"Lakini mwanangu, tukipeleka chakula si itasimama?"

Mawaziri wakacheka, si kwa ubaya, jinsi watu wazima wanavyocheka mtoto akiuliza kwa nini mwezi hauanguki. Mtukufu akapapasa mifuko ya koti, kwanza mmoja, kisha mwingine.

"Miwani nimeiacha chumbani. Sogea hapa karibu, wewe macho yako mazuri. Kila ikibadilika, nisomee. Kwa sauti, na hawa wa nyuma wasikie."

Akawekewa kiti pembeni ya Kioo, kiti chema, cha mto. Kioo hakikuonyesha majina. Kanzidata ilikuwa nayo yote, hilo la Kondo likiwemo kama bado limo, ila safu ya majina Sikudhani aliiondoa mwenyewe mwaka aliopewa kazi, kwa kuwa ilikuwa inabana nafasi na kupunguza mvuto.

Kijiduara kikazunguka.

"Haya, mwanangu," Mtukufu akasema. "Soma."

Akasoma. Wakapiga makofi, wakanyamaza, wakamwangalia tena mdomoni.